Rangi ya Kucha kwenye Nati za Magurudumu

Siku yangu ya kwanza kazini, mjomba wangu alinikabidhi chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, akaniambia hiyo ndiyo spana yangu. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya fizikia, na shule nyingi zilikuwa zimefungwa, kwa sababu walimu wenyewe walikuwa wanaogopa kuvuka mji kwenda kufundisha.

"Mjomba, mi nimesoma," nikamwambia.

"Najua, Asha. Ndiyo maana nakupa kazi ya macho."

Mjomba, ambaye wote walimwita Patroo, yaani bosi, alikuwa na uwanja mtaani Buyenzi, umeezekwa mabati upande mmoja. Usidhani ilikuwa gereji ya kawaida, ya kuacha gari na kurudi jioni. Wakati ule wa vita ni nani angemwachia mtu asiyemjua gari lake, na breki ndani yake? Kwa hiyo Patroo alikodisha nafasi: shimo la kuingia chini ya gari, ambalo tuliliita fosi, pamoja na jeki na spana. Mwenye gari alijitengenezea mwenyewe. Wengi walikuja kwa woga, kisha kazi ikawaingia damuni. Vipuri vilikuwa haba tangu mipaka ifungwe, hivyo kila mmoja akawa mbunifu. Huyu aliinua gari kwa springi za pikapu, yule alishona viti upya kwa turubai. Jumamosi walikuja hata waliokuwa hawana ubovu wowote.

Tatizo lilikuwa saa ya kutotoka nje. Ilikaribia kabla kazi haijaisha, na gari likalazimika kulala kwetu. Hapo ndipo rangi ya kucha ilipohitajika. Mwenye gari akishakaza nati zake, mimi nilipiga mstari mwembamba kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Asubuhi mstari ukiwa mzima, anaondoka. Ukiwa umekatika, kuna mkono uliopita. Na sheria ya uwanja ilikuwa moja: usiguse gari la mwenzako, hata kumfungia mlango.

Sikuipenda hesabu hiyo.

"Mjomba, mstari ukikatika tunajua nini?"

"Tunajua mutu ameguza."

"Na ukiwa mzima?"

"Apana mutu ameguza. We, hiyo universite ilikufundisha kuuliza tu?"

Baadaye nilihamishiwa stoo ya vifaa, chini ya mzee tuliyemwita Shefu wa Stoo, yaani mkuu wake, aliyewahi kutunza malori ya kampuni fulani. Huyo alinishinda kwa kushuku. Spana iliporudi aliinusa. Ikirudi chafu alinuna. Ikirudi safi alinuna zaidi. "Mutu anapangusa spana ya wenyewe kwa nini?" aliniuliza. "Anaficha nini?" Nilicheka, lakini baada ya muda nikajikuta nanusa na mimi.

Nilipopewa usimamizi wa fosi, na chupa ya rangi ikanirudia, wateja wakubwa walikuwa wawili. Deo, karani aliyeishi mtaa wa Mutakura, alikuwa na Korola aliyoipenda kama mtoto. Nestori, muuguzi aliyeishi Gasenyi, alikuwa na Pejo ya zamani. Miaka ile watu wa mitaa hiyo miwili hawakutembeleana. Njia ya Nestori ya kwenda nyumbani ilipita kando ya kizuizi cha vijana wenye silaha wa mtaani kwa kina Deo, na kila jioni alipita akiwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Lakini kwetu walishiriki fosi, na maneno hayakuwa haba.

"Sha Nestori, iyo Pejo imeinua matako kama mbuzi!"

"Na yako imetanua miguu kama bata, ewe Deo."

Ni kweli ilitanua. Deo alitaka magurudumu yatoke nje kidogo, gari likae kama la mashindano. Alikwenda kwa wafua sufuria, akayeyushiwa vyombo vikuukuu, akapata pete nne nene za alumini. Pete ilikaa kati ya gurudumu na kitovu chake, yaani kile chuma ambacho gurudumu hufungwa juu yake. Nilimwuliza kama alumini ya sufuria itastahimili. Akanijibu, "Mademuazeli, sufuria inabeba maharage saa tatu juu ya moto. Itashindwa gari?"

Asubuhi moja, siku chache baada ya pete kufungwa na nati kupigwa mistari, Deo alikuja kuchukua Korola iliyolala kwetu, awapeleke mkewe na watoto Kanyosha kwa wakwe. Aliinama kwenye gurudumu la mbele, kushoto, akanyanyuka akipiga kelele. Mistari ilikuwa imekatika kwenye nati zote za gurudumu lile. Wenye magari wakakusanyika. Mmoja akasema jana, karibu na saa ya kufunga, alimwona Nestori amechuchumaa hapo hapo.

Nestori alikuwa amesimama na kitambaa mkononi.

"Ni weye?" Deo akamwuliza.

"Sikulegeza kitu."

"Sikuuliza kama umelegeza. Umeguza?"

Nestori akaanza kukikunja kile kitambaa. Deo akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyekuwa anangoja jambo hilo siku nyingi.

"Watoto wangu walikuwa wapande humu. Bon. Leo nikifika kwetu nitataja jina lako."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Jina likitajwa Mutakura asubuhi, jioni lingekuwa linamngoja Nestori kwenye kizuizi. Patroo alisema, "Wallahi Deo, tuongee kwanza," lakini sauti yake ilikuwa ndogo.

Nami je? Nilimshuku Nestori. Siku zote niliona anatupa jicho chini ya magari ya wenzake. Nilimshuku pia Deo, aliyenguruma haraka mno, na yule aliyejidai shahidi. Kwa kuwa niliwashuku wote, nikalala chini nitazame nati badala ya nyuso.

"Deo," nikasema nikiwa huko chini, "nati ukiilegeza inakwenda upande gani?"

"Kushoto. Kila mutoto anajua."

"Njoo uone rangi imekwenda wapi."

Aliinama. Nusu ya mstari iliyo kwenye nati ilikuwa imesogea kulia. Nikampa spana. Alivuta hadi shingo ikatoka mishipa, nati haikusogea. Ilikuwa imekazwa kuliko alivyoikaza yeye.

"Alifungua, akafunga tena," Deo akasema.

"Mtu anayetaka gurudumu lako lichomoke alikaze ya nini? Hebu jaribu la kulia, ambalo mistari yake ni mizima."

Akaweka spana kwenye nati ya kulia. Ilizunguka kwa mkono mmoja, kama kifuniko cha chupa. Rangi ikapasuka mbele ya macho yetu. Ya pili vilevile, ya tatu vilevile. Nati hazikuwa zimejigeuza. Alumini laini ilikuwa imebonyea chini yake, nati zikabaki mahali pale pale bila kubana chochote. Mistari yangu mizuri ilikuwa inalinda gurudumu lililolegea.

 Nestori akakohoa.

"Niliona vumbi la kijivu pembeni ya ile pete. Chuma kinasagana. Nikakaza la kushoto. Nilitaka niende la kulia, nikaona mutu ananiangalia, nikaacha."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniuliza nilikuwa natafuta nini chini ya gari yako."

"Ningekuuliza, ndiyo," Deo akasema. "Hata sasa nakuuliza."

"Mi napenda gari, Deo. Naangalia."

Deo alizitoa pete zote nne, akafunga magurudumu, akaenda zake. Hakusema atataja au hatataja jina. Siku nzima sikujua. Kesho yake nilisimama langoni nikitega sikio, Patroo naye akijifanya anafagia palepale. Mlio wa Pejo ulipotoka kona ya msikiti, mjomba aliweka fagio chini, akaingia ndani.

Desturi ilibadilika. Kila asubuhi nati zilikazwa upya mbele ya mwenye gari mwingine, mmoja akivuta spana na mwenzake akitazama. Deo alimchagua Nestori. Wakati ule nilidhani ni urafiki. Leo nafikiri alitaka tu kuwa naye mbele ya macho, na sijui kama tofauti ni kubwa.

Mjomba alipochoka, nami nikaitwa Shefu, niliwafundisha wengi kutia alama, nao wakaniuliza maswali yaleyale. Sasa nimestaafu. Nina gari dogo, na bado napaka rangi nati zake. Juzi, siku moja baada ya kubadilisha tairi na kupaka nati upya, nikakuta mstari umesogea kulia. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, alikuwa ameegemea ukuta akiniangalia.

"Ililegea, Bi Asha. Nikaikaza kidogo."

Nikamshukuru kwa dhati, nikamwuliza hali ya wajukuu. Alipoingia ndani, nilichukua spana nikaenda kujaribu magurudumu mengine matatu.