Mama kazisugua sarafu zangu

Leo mama kaniharibia kila nilichokusanya, na sikuweza hata kufoka.

Niliwaalika nyumbani Ijuganyondo wenzangu wa kikundi cha sarafu za kale, niwashukuru kwa kunivumilia miaka yote.

Nilipotoka kununua soda, mama akazisugua sarafu zangu kwa majivu na limau. Eti wageni wasione uchafu.

Zote! Hata ya enzi za Mjerumani aliyoniachia marehemu baba.

Jamani, sarafu ya kale haisuguliwi. Ule weusi ndio umri wake. Ukiutoa, unabaki na kipande cha bati.

Akawaletea wageni kwenye kile kikapu kidogo tunachokaribishia wageni kahawa ya kutafuna, zinang'aa kama vijiko vya harusi.



Mzee Swalehe wa Bilele, ambaye ukigusa tu sarafu yake kwa kidole anakugombeza, akainamia kikapu.

"Kasinge, mama, hongera. Zimependeza kweli."

Mama akachanua. "Na wewe lete yako nikusafishie."

Mzee akatoa mfukoni sarafu yake ya Mjerumani, ile aliyokataa kuniuzia, akamwekea mama kiganjani.

Niambieni, mtu kama huyu namshukuruje?

Mama yuko uani sasa hivi, anakata limau.