Mstari wa Msichana wa Kimumu

Mimi nilisoma ngumbaru, na sitaki mtu anionee huruma kwa hilo. Nilianza nikiwa na ndevu. Mchana nilifagia pamba sakafuni katika kiwanda cha nguo, jioni nikaketi kwenye dawati lililotengenezewa mtoto wa miaka saba, magoti yakigusa masikio, nikisoma "baba analima" pamoja na akina mama wenye wajukuu. Siku niliyopewa cheti nilizunguka Eldoret nzima na kalamu tatu kwenye mfuko wa shati, na hadi leo naamini hakuna daktari wala hakimu aliyewahi kupita mjini humo akiwa amesoma kuliko mimi. Kalamu moja ilivuja. Sikuona hata.

Mama ndiye aliyeona. Namwita Mama kwa sababu sote tulimwita hivyo. Alikuwa mjane kutoka Nyeri, amebaki na kibanda cha kushona sare za shule na cherehani mbili za mkono. Watoto wasio na pa kwenda walikuwa wakija kuokota vipande vya kitambaa nje ya mlango wake. Badala ya kuwafukuza alianza kuwaingiza ndani, mmoja leo, wawili kesho, akiwafundisha kushona. Wakajaa hata ungedhani kibanda kitapasuka.

"Wewe na kalamu zako," aliniambia nilipopita hapo na shati langu la wino, "unajua kuzitumia ama ni za kupamba mfuko?"

"Nazitumia, Mama."

"Basi kuja Jumamosi. Hawa wanajua sindano, lakini hawajui herufi."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu. Hatukuwa na jina, wala muhuri, wala bango. Tulikuwa wanne. Mama alifundisha kushona. Mzee mmoja seremala, mwenyeji wa hapo, alifundisha randa na msumeno. Mwenye duka, Msomali aliyeuza sukari na mablanketi, alitupa stoo yake ya nyuma kila Jumamosi, watoto wakasoma wakiwa wamekalia magunia. Na mimi nilifundisha a, e, i, o, u kwa sauti ambayo, kwa kadiri yangu, ilisikika mpaka Iten. Hakuna aliyelipwa. Tulijiita kamati, kwa sababu wakati huo hata watu wawili wakinywa chai walijiita kamati.

Katika watoto hao kulikuwa na wasichana wawili waliotumia cherehani moja. Mmoja akizungusha mkono wa cherehani, mwenzake anaongoza kitambaa, halafu wanabadilishana bila kuambiana. Wa kwanza alitoka Sugoi. Baba yake alikuwa mgonjwa wa kifua, hawezi jembe, na ndugu zake wadogo walikuwa wengi. Alikaa mjini kwa shangazi yake. Wa pili alikuwa yaya Kimumu, kwa mama mmoja aliyefanya kazi ofisini. Mama yake mzazi alikuja kuvuna mahindi kwenye mashamba makubwa, akafia huko, na hakuna aliyejua kwao hasa ni wapi. Mwajiri wake alimpa ruhusa ya Jumamosi hadi saa nane. Saa nane kasorobo alikuwa ameshafunga kitambaa kichwani, anakimbia.

Mwaka huo mkuu wa chuo cha ufundi, upande wa Chepsaita, alisikia habari zetu akatuletea ujumbe. Angechukua mtoto wetu mmoja, miaka miwili, kulala na kula hapo hapo, amalize na cheti cha ushonaji cha serikali. Mmoja.

Kamati ilikaa stoo. Mama alisema bila kuzunguka.

"Ni huyu wa Kimumu. Mwajiri wake anahamishwa Nakuru mwisho wa mwezi. Asipopata nafasi hii ataenda naye kubeba watoto wa watu, na habari ya kushona imeisha."

Mzee seremala alisugua kidole kwenye ubao. "Na huyu wa Sugoi? Baba yake nimemwona juzi. Yule hamalizi mwaka. Huyu msichana akijua kazi, nyumba nzima inakula."

"Sikatai, Mzee. Lakini huyu ana shangazi, ana wajomba. Yule ana nani?"

"Kwa hivyo mtu akiwa na shangazi asisome?"

Mama alimgeukia mwenye duka. Mwenye duka akainua mikono. "Mimi nimetoa stoo. Kuchagua mtoto wa mtu juu ya mtoto wa mtu, hapana. Mwulizeni Mwalimu."

Wakaniangalia wote watatu.

Nami nilijua jibu. Ningetaka kusema leo kwamba nilikuwa na mashaka, lakini sikuwa nayo hata tone. Nilijua ni yule wa Kimumu. Ila Mzee seremala alikuwa amefundisha watoto wetu miaka mitatu bila kudai hata kikombe cha chai, na watu mjini walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Mama anapendelea wageni. Nikisema ndiyo kwa wa Kimumu, namuudhi Mzee. Nikisema ndiyo kwa wa Sugoi, namuudhi Mama. Mimi ni mtu wa kupendwa na kila mtu. Ningeweza kupigiwa makofi hata mazishini.

Ndipo akili yangu ya ngumbaru ikaniletea wazo. Miezi michache kabla ya hapo tulikuwa tumepiga kura kwa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Unasimama nyuma ya mtu wako mchana kweupe, mstari unahesabiwa, basi. Kila redio ilituambia kwamba huo ndio uwazi.

"Tupange mlolongo," nikasema. "Wasichana wasimame, watu wapange nyuma yao. Mwenye mstari mrefu anaenda chuo. Hakuna atakayesema kulikuwa na upendeleo."

Mzee alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mwenye duka akasema ni haki. Mama akanigeukia.

"Na sisi tutasimama wapi?"

"Sisi ni wasimamizi, Mama. Wasimamizi hawapangi mstari."

"Na watoto wa darasa?"

"Watoto hawapigi kura."

Nilisema hivyo kwa raha sana. Nilijiona kama nimeandika sheria za nchi.

Tulipanga iwe Jumapili baada ya kanisa, uwanjani nyuma ya duka. Habari zikafika Sugoi kabla hata hatujatoka kwenye kikao. Siku hiyo lori lililobeba mahindi wiki nzima lilikuja limebeba watu, na wengine wakaja kwa miguu. Kulikuwa na shangazi, wajomba, mwalimu wa Sunday School, jirani mwenye mkongojo, akina mama na watoto mgongoni. Walivaa vizuri. Hawakuja kwa ubaya hata kidogo. Walikuja kwa sababu mtoto wao alihitaji watu, na wao walikuwa watu wake. Nilipowaambia wapange, mstari ulitoka mlangoni mwa stoo ukapita kinu cha posho ukapinda kona, nikadhani mkia wake umeshaingia Uganda.

Yule wa Kimumu alisimama hatua kumi kutoka kwa mwenzake, karibu na ukuta. Alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja. Alivaa gauni la buluu alilojishonea kwa vipande vya sare, mshono wake umenyooka kama barabara ya lami. Nyuma yake kulikuwa na ukuta.

Nilianza na mstari wa Sugoi. Nilipita nikigusa kila bega kwa kalamu, nikihesabu kwa sauti ile ya kufika Iten. Watu walicheka. "Huyu Mwalimu anatuhesabu kama mbuzi," mama mmoja akasema. "Mbuzi halalamiki," nikamjibu, wakacheka zaidi. Nilikuwa nafurahi. Nasema kweli, hadi mtu wa mwisho kwenye ule mstari nilikuwa nafurahi.

Halafu nikageuka.

Sijui kama umewahi kutembea hatua kumi zikawa ndefu kuliko safari ya Mombasa. Watoto wa darasa walikuwa wamekaa juu ya ukuta, wote, mahali nilipowaweka mimi. Mama alikuwa mlangoni, mahali nilipomweka mimi. Kila mtu ambaye angeweza kusimama nyuma ya msichana huyu nilikuwa nimemwondoa kwa sheria yangu mwenyewe, mmoja mmoja, kwa ajili ya uwazi. Nikafika mbele yake na kalamu mkononi na hakukuwa na bega la kugusa.

"Mwalimu," akasema polepole, "umemaliza kule?"

"Nimemaliza."

"Hujamaliza."

Akatoka pale. Hakukimbia, hakulia. Alitembea kando ya ule mstari mrefu, akapinda kona, nami nikamfuata kwa sababu sikujua la kufanya. Alipofika mwisho alisimama nyuma ya mama mwenye mtoto mgongoni, akanyoosha gauni lake.

"Na mimi nampigia huyu," akasema. "Hesabu."

Kwanza walicheka wale waliokuwa karibu, wakidhani ni mzaha wa wasichana. Kisha kicheko kikaanza kukatika kutoka nyuma kwenda mbele, mtu akimgeukia mtu. Huko mbele rafiki yake alikuwa akinyoosha shingo aone kuna nini, na hakuweza kuona kwa sababu ya watu wake.

Nikamgusa bega kwa kalamu. Nikataja nambari. Sauti haikufika popote.

Mzee seremala alivua kofia. Mama aliingia stoo na hakutoka tena. Ni mwenye duka aliyekuja kusimama kando yangu na kusema kwa upole, "Andika, Mwalimu. Watu wanangoja." Nikaandika jina la msichana wa Sugoi. Nilipoinua uso, yule mwingine alikuwa ameshaondoka. Saa yake moja ilikuwa imekwisha.

Mama hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Siku ya pili nilimkuta akifunga vifungo kwenye sare, akasema bila kuniangalia, "Ulikuwa na neno moja tu la kusema. Moja." Basi.

Mzee seremala ndiye aliyesema twende kwa mkuu wa chuo tukaombe nafasi ya pili. Tulienda watatu, yeye, Mama na mimi. Mzee aliomba kuliko sisi wote. Alisema atatengeneza kitanda yeye mwenyewe, atakileta begani. Mkuu alikuwa mtu mwema, alituonyesha mabweni. Vitanda vilikuwa vimebanana hata wasichana walipanda kupitia miguuni. "Hata mkileta kitanda, mtakiweka wapi?" akauliza. "Januari. Januari nitampokea wa kwanza kabisa."

Nikatumwa Kimumu kupeleka habari hiyo. Nilimkuta nyuma ya nyumba, anaanika nepi. Ndani kulisikika sauti ya makatoni yakiburutwa.

"Mwalimu. Umepotea njia?"

"Nimekuja kukuona. Tumeenda chuo. Mkuu amesema Januari, wewe wa kwanza."

Alibana nepi moja, akachukua nyingine.

"Januari nitakuwa Nakuru. Tunahama Alhamisi."

"Mwambie mwajiri wako..."

"Nimwambie nini? Kwamba nibaki Eldoret nikilala kwa nani mpaka Januari?"

Nyumba yangu ilikuwa chumba kimoja nilichokaa na vijana wengine wawili wa kiwandani. Mama alikuwa tayari analala na watoto wanne kwenye kibanda. Nikasema kitu kuhusu barua, kwamba nitamwandikia, kwamba sasa anajua kusoma.

"Si ulinifundisha," akasema, na akatabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayemsaidia mgeni atoke kwenye aibu yake. Kisha akaniuliza, "Mwalimu, kama ungeruhusiwa siku ile, ungesimama wapi?"

"Nyuma yako."

Alinitazama. Alikuwa na miaka kumi na tano, kumi na sita hivi.

"Na kwenye mkutano, walipokuuliza?"

Mtu alikuwa amempa habari za kikao. Watoto husikia kila kitu kupitia magunia. Nilifungua mdomo, mdomo huu ambao haujawahi kukosa neno tangu nizaliwe, na mwajiri akamwita kutoka ndani aje ashike upande mmoja wa kabati. Akapangusa mikono kwenye gauni. "Wasalimie," akasema, akaingia.

Waliondoka Alhamisi. Barua niliandika moja, kwa anwani ya ofisi ya mwajiri wake, na sikupata jibu. Labda haikufika. Labda ilifika.

Jumamosi iliyofuata nilisimama mbele ya magunia kama kawaida na chaki yangu. Mtoto mmoja mdogo akauliza wale dada wawili wa cherehani wako wapi. Nikasema mmoja ameenda chuo Chepsaita. "Na yule mwingine?" Nikaona wote wamenitazama. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba yule mwingine amechukuliwa na chuo kikubwa zaidi, huko Nakuru, chuo cha ghorofa nne chenye cherehani za umeme, na kila msichana ana yake, na madirisha ni ya kioo kutoka juu hadi chini.

Mama aliinua macho kutoka kwenye kazi yake, akaniangalia, akayarudisha kwenye pindo alilokuwa akishona.

Watoto wakapiga makofi. Nami nikawaacha wapige.