Chatu Asiyetoka Shimoni

Juzi nilikuwa ofisi ya maliasili hapa Kigoma nikisubiri kibali cha mbao, akaingia mama mmoja, mkimbizi kutoka Burundi. Hakukaa. Alishika kaunta, akatazama mlango, akashika kaunta tena.

"Shikamoo, mzee. Kuna chatu shimoni karibu na shamba ninalolima kibarua. Wanaume wanataka kumchoma."

"Marahaba. Anakula mbuzi?" akauliza bwana nyama, afisa wa wanyamapori aliyekuwa kaunta.

"Hali kitu. Wiki ya tatu hatoki."

Bwana nyama akaweka kalamu chini. "Basi analalia mayai. Jike hujizungusha juu yake mpaka yaanguliwe, na siku zote hizo hali."

"Hata wakija na moto?"

"Huenda asitoke."

Mama akaachia kaunta. "Mimi nilitoka," akasema. "Wanangu wawili nikawabeba, mmoja akabaki. Twende, mzee, wanakusanya kuni."

Wakaondoka mbio, nami nikaondoka bila kibali.

Jana bwana nyama aliniambia wanaume wamekubali kusubiri, na shimo limezungushiwa miiba. Nilitaka kulalamika kuhusu kibali changu, nikaona aibu. Nikauliza mayai ni mangapi.