Folda ya Mbari

Usinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mtu wa kompyuta, mzaliwa wa Nakuru, na mambo ya mizimu nilikuwa nikiwaachia wengine. Lakini haya yalinipata mwenyewe, mchana kweupe, hapa Kampala, nikiwa na akili zangu timamu.

Natunza seva za shirika dogo linalowatafutia wakimbizi ndugu zao waliopotezana njiani. Jumamosi hiyo hatukuwa na watu ofisini, mimi tu na Mama Neema jikoni. Nilikuwa nimeandika skripti fupi ya kusafisha diski iliyojaa: bakisha folda zilizo kwenye orodha, futa nyingine zote. Mistari sita tu. Najua, najua, nilipaswa kuwa na nakala. Diski ya nakala ilikuwa imekufa wiki iliyotangulia, na bosi hakuwa na subira.

Orodha yenyewe bosi alinisomea kwa simu. Folda muhimu kuliko zote, yenye picha za watoto walio mbali na wazazi wao, aliitamka "mbari". Nikaandika mbali. Wewe ungefanya nini? Kampala hii watu huchanganya l na r kutwa, nami Mkenya nilishazoea kuwanyooshea Kiswahili chao, tena kwa madaha.

Mama Neema, Mkongomani anayetupikia chai, alimpoteza binti yake walipokuwa wakikimbia. Simu yake iliibwa, na picha pekee ya Neema iliyobaki duniani ilikuwa ndani ya folda ile.

Kidole kilikuwa juu ya Enta niliposikia kiti cha kando kikivutwa. Alikaa mwanamume mwembamba, gumbuti za mpira miguuni zimejaa tope, kama mtu aliyetoka kwenye mafuriko ya mtaa wa Bwaise. Nikadhani ni fundi wa intaneti.

"Ssebo, soma olodha yako," akasema, akiniita bwana kwa Kiganda.

Nikamsomea, sijui kwa nini. Nilipofika "mbali", akatikisa kichwa.

"Mbari."

"Ni mbali, kaka. L, ya limau."

"Mbari, ssebo. Mimi nasema mbari."

Nikacheka. Niamini, nilicheka! Nikaanza hata kumfundisha jinsi ya kuweka ulimi. Hakukasirika. Alirudia neno lile lile kwa sauti ile ile, mpaka mwili ukanisisimka na kicheko kikanikauka. Nikageukia skrini ili nisimtazame. Kwa kutafuta la kufanya, nikaweka echo mbele ya amri ya kufuta, ili skripti itaje tu itakachofuta bila kukigusa. Ni kazi ya sekunde tano, ambayo kwa haraka zangu nilikuwa nimeiruka.

Mstari wa kwanza ukatokea: futa hifadhi/mbari.

Yaani folda yenyewe iliitwa mbari, na kwenye orodha yangu haikuwemo. Nilipogeuka, kiti kilikuwa kitupu.

Mama Neema akaingia na sinia la chai. "Unasemaka na nani, baba?"

Nikamweleza yule mtu, gumbuti zake na mbari yake. Akalitua sinia mezani.

"Ule ni Ronald. Njo yeye alikuwaka kwa kiti yako, njo yeye aliwekaka picha ya Neema mule. Tulimuzikaka mbele ya wewe kufika hapa."

Nikaangalia folda iliundwa na nani. Ronald. Aliipa jina kama alivyolitamka, na bosi alinisomea sawasawa herufi kwa herufi. Aliyekosea ni mimi.

Sikumwambia Mama Neema jinsi nilivyokaribia kumfutia mtoto. Mpaka leo sijamwambia, na ananiita baba, na naona aibu. Usingizi wangu ni wa kushtukashtuka. Kila amri naisoma kwa sauti mara mbili, kwa l na kwa r, na wenzangu wanadhani nimeanza kurukwa na akili.

Kwa hiyo nawe unayeandika skripti za kufuta, tanguliza echo, soma kinachotajwa, ndipo ufute. Na jina ulilolikuta kwenye mashine ya mwingine usilinyooshe, hata likikukera.

Neema bado anatafutwa. Wewe utakayekalia kiti hiki nikishaondoka, folda ile iache ilivyo. Ukiigusa, nitakuja mwenyewe.