Ng'ombe wa Kwenye Kioo

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alifika kwetu Ushirombo akiwa na fimbo na blanketi tu. Wezi walikuwa wamefagia zizi lake lote. Mkewe alirudi kwa wazazi wake na watoto, si kwa ugomvi, ila kwa kuwa nyumba ile haikuwa na maziwa tena. Rafiki yake wa tangu ujana alimwahidi mtamba mmoja aanzie upya, naye akakataa. Mtu aliyezoea kutembea nyuma ya kundi, alisema, hatembei nyuma ya mkia mmoja watu wakimtazama.

Akakaa kwetu, anakula kidogo, hasemi. Mke wangu alihofia atajidhuru. Kila mlango ulipolia alinigusa nikaangalie. Niliangalia, nikasali, nikarudi kulala bila usingizi.

Wakati huo nilikuwa katekista. Jumapili alasiri bruda wa karakana ya misheni alikuwa akinikaribisha kwenye kompyuta yake, mashine ndogo iliyounganishwa na televisheni. Televisheni yenyewe haikuwa na kituo cha kutazama, maana bara hapakuwa na hata kimoja. Mchezo uliingizwa kutoka kwenye kaseti iliyolia kama panzi waliofungiwa koponi, na mara nyingi ulikwama njiani tukaanza upya. Nilimwomba bruda nimlete shemeji, akakubali.

Katika mchezo huo unakuwa mtemi. Unapewa nguvu, busara na ushujaa, unazunguka nchi na kupigana, na kila msimu unaamua ulime kiasi gani, uweke askari wangapi, uchinje au uuze ng'ombe wangapi. Ulikuwa na kasoro nyingi. Askari wakivuka mto, mara nyingine hawaonekani tena. Majirani wanatangaza vita halafu wanasahau kuja. Hata hivyo, ukishakaa mbele yake huoni jua likishuka. Kiingereza changu cha seminari ndogo kilitosha kuusoma. Nilimtafsiria shemeji kwa Kisukuma, yeye akaamua, nikamwambia bruda, naye akabonyeza.

Shemeji hakujali askari wala taji. Kila mchezo ulipouliza ng'ombe wangapi wachinjwe, alijibu hakuna. Watu wake wakala mtama na samaki wa mtoni. Jenereta ilipokaribia kuzimwa, bruda alihifadhi kundi lake kwenye kaseti, na kwa neema ya Mungu Jumapili iliyofuata likasomeka. Baada ya wiki chache shemeji alianza kumaliza ugali wake. Alimwambia dada yake kwamba nzagamba, yaani dume la kundi, amekuwa mkali na watoto wasimkaribie. Mke wangu alinitazama asijue acheke au aogope.

Jumapili moja bruda alinivuta kando kabla hatujaingia. Alikuwa amechungulia namna mchezo ulivyoandikwa ndani. Ng'ombe wanahesabiwa kwenye chombo kidogo, alisema, kisichoweza kupita mia mbili hamsini na tano. Akizaliwa mmoja zaidi, hesabu inarudi sifuri na kuanza tena. Aliyeutunga hakudhani kuna mtu atakayekataa kula ng'ombe wake.

Siku hiyo kundi lilisimama kwenye mia mbili na kumi. Nilimweleza shemeji palepale. Aliniangalia kwa huruma.

"Shemeji, wewe umelelewa na kuku," alisema. "Ng'ombe wanamalizwa na wezi, na ugonjwa, na ukame. Wakizidi wanaisha? Hilo umefundishwa na nani, padri?"

Nilimsihi auze thelathini tu. Akajibu kwamba ameshapunguziwa vya kutosha.

Msimu ukapita, na mwingine. Kila namba ilipopanda alijisogeza mbele kwenye kiti chake. Walipofika mia mbili arobaini na wanane, bruda alinitazama, kidole kikiwa juu ya kibonye. Ningeweza kutafsiri uongo, nimwambie bruda shemeji amesema thelathini. Nilifungua mdomo, lakini uongo haukutoka. Nikamuuliza shemeji tena wachinjwe wangapi.

"Hakuna."

Bruda akabonyeza. Kioo kilikaa kimya kama kawaida yake, kisha maneno yakaja: ndama wamezaliwa. Chini yake, kwenye mstari wa ng'ombe, palikuwa na moja.

Shemeji aliinama karibu na kioo. Hakuuliza ile alama maana yake nini, namba alizijua. Bruda akaanza kuomba radhi, kana kwamba ndiye aliyefungua zizi. Nilimshika mkono anyamaze. Mchezo, ambao haukujua huzuni ya mtu, uliuliza wangapi wachinjwe.

Nilimtafsiria swali.

"Hakuna," alisema shemeji.

Msimu uliofuata wakawa wawili, maana mchezo ule haukuuliza dume liko wapi. Kisha umeme ukakatika, na hakuna aliyekumbuka kuhifadhi. Njia nzima ya kurudi alitembea mbele yangu.

Asubuhi nilikuwa nawafundisha watoto wa komunyo ya kwanza. Mke wangu akatokea mlangoni, kichwa wazi, akasema kaka yake ameomba kamba na yeye amempa kabla hajafikiri. Niliwaacha watoto nikakimbia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba, ameketi, kamba ameizungusha gotini, anaikagua kipande kwa kipande. Nilimuuliza ni ya nini. Naye akaniuliza kama nimewahi kuona mtu akienda kumchukua mtamba kwa kumshika sikio.

Nikakaa chini kando yake.

"Kwa rafiki yangu ni mbali," alisema. "Mwambie dada yangu anifungie michembe."

Mke wangu aliifunga ile michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, huku akilia na kumtukana. Mimi nilishika ncha ya pili ya kamba, tukaivuta kila mtu upande wake, tuone kama itahimili.