Bendera Mbili za Marehemu

Nichekeni, nimestahili. Tangu klabu yetu ya mpira wa Kiaustralia ianze hapa Stechford, marehemu mume wangu ndiye aliyesimama golini na bendera: mpira ukiingia hupepea mbili, ukipita pembeni moja. Jumamosi nikamkuta Agnes pale, amevaa koti lake jeupe, lenye kola niliyoishona mimi! Wivu ukanikaba. Mpira ulipopita pembeni, nikamvamia, nikampokonya bendera zote mbili na kuzitikisa usoni pake.

“Alikupa lini koti hili, wewe mwanamke?”

Wageni wakalipuka kwa shangwe.

“Mama Juma,” Agnes akanong'ona, “lilikuwa kwenye furushi la nguo zake ulilotugawia mwenyewe baada ya matanga. Sasa umewapa wageni goli.”