Sanduku Chini ya Klimatizeri

Sikusoma sana, lakini jina halinipotei. Majina ya wote niliokaa nao katika nyumba za kampuni kule Shituru, mjini Likasi, ninayo mpaka leo. Hapa siyataji.

Jirani yangu alikuwa na asili ya Kasai. Babu yake aliletwa kuchimba shaba. Yeye alizaliwa Likasi, hakujua kwingine. Watu wa Kasai walipofukuzwa mjini, wakaambiwa warudi kwao, aliniletea sanduku la chuma lenye vitenge vya marehemu mama yake.

“Dada, unichungie ii sanduku. Usipatie muntu.”

Akafunga kufuli, akatia ufunguo kifuani. Treni ikamchukua na watoto wake.

Nililiweka chumba cha nyuma, chini ya klimatizeri, mashine ya baridi iliyoachwa ukutani na Mzungu aliyeishi humo kabla yetu. Zamani maji yake yalidondokea nje kwa bomba dogo. Mabomba ya mji yalipokauka, hata tone likawa mali. Tukatega ndoo nje, ndoo ikaibwa. Mume wangu akaiinamisha mashine upande wa ndani, maji yaangukie beseni chumbani. Tukafurahi. Tulifulia nepi kwa maji yale.

Kumbe si maji yote yaliyofuata beseni. Mengine yalitambaa nyuma ya rangi. Asubuhi moja nikaweka kiganja ukutani, kikarudi na chokaa laini kama uji. Nikainama kwenye sanduku: linanuka uyoga.

Tangu hapo sikutulia. Natwanga, naacha mchi, naenda kunusa sanduku. Nalala, naamka, napapasa ukuta. Nilivuta sanduku mbali, lakini ndani kuna nini? Ufunguo uko Kasai. Na kuvunja, nivunje vipi? Mtaa mzima watu walikuwa wanavunja makufuli ya waliokwenda. Nyundo ikilia kwangu, nina tofauti gani nao?

Mama wa mume wangu alichoka kunitazama.

“Weye mukwe, unazunguka kama kuku inatafuta fasi ya kutaga. Vunja.”

“Mama, bantu batasema minye ni mwizi.”

“Na kitenge ikioza, rafiki yako atasema nini? Kuvu haingojake haya.”

Nilivunja mchana, mlango wazi. Vitenge vya juu vilikuwa vikavu. Vya chini vilikuwa na madoa meusi, vimeshikana. Vilitaka jua, na kamba yangu ya nguo ilitazamana na njia ya wanawake waendao soko la Kikula. Wote walivijua vitenge vile. Kila kimoja kilikuwa na jina tulilokipa wenyewe.

Nilivianika vyote, nikaleta kigoda, nikakaa chini yake. Wa kwanza akapunguza mwendo.

“Ee, mama, umekwisha kuriti? Mwenyewe hajafa.”

“Ni vyake. Vililowa kwangu, vinakaukia kwangu.”

“Na ile ya maua, utavaa lini?”

“Siku atakuja kuichukua, umuulize yeye.”

Akacheka, akaenda. Akaja mwingine, nikajibu vilevile. Sikuingia ndani.

Ndani mume wangu alikuwa anarudisha mashine. Alitia kabari ya mti ili mgongo wa mashine uiname nje kiasi cha unene wa kidole. Akachokoa bomba kwa spoki ya baiskeli, ukatoka udongo wa nyigu. Akaosha chujio, lililojaa vumbi la kiwanda.

“Beseni tumeiaga,” alisema dirishani. “Maji yaende kwao.”

Jioni vitenge vilikuwa vimekauka. Madoa mengine yalibaki. Nilivikunja nikiita kila kimoja kwa jina lake, mwenyewe asije akaniuliza kimoja nikanyamaza. Sanduku nikalipandisha juu ya matofali, mbali na ukuta, nikalifunga kwa kamba.

Hajaja bado. Kila kiangazi navitoa tena juani, na kigoda changu kiko palepale.